Kwa Nini Nilitoka Kwenye Usaili wa Kasuku

Nyumba ya kona, kwa fundi makufuli,
Jumapili, tarehe 9 Juni.

Mpendwa Dada,

Shikamoo. Naanza kwa kukujulia hali, wewe na shemeji na wale mapacha wasioisha kuvunja vitu. Mgongo wako unaendeleaje? Kasuku aliniambia bado unakuuma kwa kuinua wagonjwa, na kwamba wodini kwenu wamepunguza watu lakini vitanda hawakupunguza. Nakusihi ukapimwe, usijikaze kisabuni.

Sisi huku ni wazima wa mwili. Mama anakula vizuri na anasikia vibaya. Siku hizi anagombana na redio, anadai watangazaji wamekatazwa kupaza sauti. Baba watoto bado anatengeneza makufuli ya mtaa mzima, na mlango wetu wa nyuma bado unafungwa kwa kamba. Nikimwambia ananijibu kuwa mwizi mwenye akili hawezi kumwibia fundi makufuli. Nimeshachoka kubishana naye.

Ninaandika kwa mkono kwa sababu simu zangu hupokei. Sikulaumu. Ungefanya wewe nilichofanya mimi, nami nisingepokea. Tumezaliwa tumbo moja, na kununa tumerithi wote.

Ile sauti uliyonitumia nimeisikiliza mpaka baba watoto akaniomba niiache. Umesema mambo mawili. La kwanza, kwamba nimemtupa mwanao mbele za watu. La pili umeliuliza tu, tena kwa sauti ya chini: kama dhamira yangu ilikuwa safi, mbona sikutoka asubuhi, nikangoja mpaka mchana? Lile la kwanza liliniuma. La pili lilinifumania, na ndilo limenikalisha hapa mezani. Nitalijibu, lakini niache nianzie mwanzo, maana Kasuku amekusimulia alichokiona akiwa kwenye benchi la nje.

Unamkumbuka Bwana Tope, yule mwenzangu wa somo la udongo. Alipostaafu, chuo kiliacha kiti chake kitupu, nami nikabebeshwa mzigo wa watu wawili. Ndipo nikamwingiza Kasuku kama mhadhiri wa muda. Analipwa kwa saa, hana ofisi, hana likizo, na muhula ukifungwa anahesabika kama mtu aliyepita njia. Viatu vyake na vitabu vyake vilikaa kwenye kabati langu. Mitihani alisahihishia maabara, kwenye kiti kirefu kando ya ile tanuri ya kukaushia sampuli, akitoka jasho mpaka karatasi zinamnata mikononi. Amefanya hivyo miaka minne bila kunung'unika.

Kwa hiyo tangazo la nafasi ya kudumu lilipobandikwa, hakuna aliyelala vizuri humu ndani. Mama alishawaambia majirani wa pande zote mbili kwamba mjukuu wake anapewa ofisi yenye dirisha. Nilimkanya, nikamwambia mambo bado mabichi. Akajifanya hakusikia, na safari hii nina hakika alisikia.

Tena haikuwa suala la kupanda cheo tu. Anayeajiriwa kudumu anakuja na kuchukua vipindi vyote. Yaani Kasuku akikosa, hata kile kibarua cha saa kinaondoka. Wote tulilijua hilo tangu mwanzo, ingawa hatukulitamka.

Sasa nikueleze utaratibu, maana watu wanafikiri kazi ya chuo inagawiwa kama peremende. Kwanza maombi yanapokelewa, kisha yanachujwa. Kwenye lile rundo wakabaki watatu: Kasuku, bwana mmoja kutoka chuo kingine ambaye hapa ofisini tumeshampa jina la Mpole, na wa tatu ambaye alipata kazi kwingine akajitoa. Wanaobaki huitwa siku moja. Asubuhi kila mmoja anatoa mhadhara wa majaribio mbele ya jopo na wanafunzi. Mchana ni usaili wa faragha, mlango umefungwa, halafu jopo linajumlisha alama. Mapendekezo yanakwenda kwenye kamati ya ajira, kisha baraza la chuo. Lakini huko juu kwa kawaida wanapiga muhuri tu. Kazi inapatikana au inakosekana ndani ya kile chumba.

Kwenye jopo tulikuwa watano. Mkuu wa kitivo, ambaye kitaaluma ni daktari wa mifugo. Mkuu wa idara, mhandisi wa umwagiliaji. Mchumi mmoja wa kilimo. Afisa utumishi, ambaye hatoi alama, kazi yake kuandika na kutazama saa. Na mimi, mtu pekee wa udongo humo ndani.

Usidhani nilinyamaza. Jopo lilipoteuliwa tu, nilikwenda kwa mwanasheria wa chuo. Nikamkuta kijana ana faili hadi miguuni. Nikamwambia mmoja wa waombaji ni mtoto wa dada yangu, nimemlea mimi tangu darasa la pili. Akafungua kanuni, akanisomea: mzazi, mtoto, mume, mke, ndugu wa kuzaliwa. Mpwa hayumo. Nikarudia kwamba nimemlea. Akanijibu kwa upole kabisa kwamba kanuni haiulizi nani alimsuka nani nywele. Nikaliambia jopo pia, wakaandika, wakasema nikae. Kwa hiyo alichokwambia Kasuku ni kweli. Sheria iliniruhusu kukaa mpaka mwisho.

Nami nikakaa. Asubuhi nilihudhuria mihadhara yote miwili, nikajaza alama zangu kama wenzangu. Tukaenda kula. Tuliporudi kwenye chumba cha mikutano, kile chenye dirisha lisilofunga, afisa utumishi alikuwa amepanga chupa za maji na yuko tayari kumwita Kasuku aingie. Nikasimama. Nikasema, kwa sababu ya udugu, naomba kujitoa.

Utaratibu wetu ni kwamba anayejitoa anatoka na alama zake. Afisa utumishi alichukua karatasi yangu ya asubuhi, akaichana mbele ya wote, akaitia kwenye ndoo. Mkuu wa kitivo aliinuka akanipa mkono, akasema chuo kingekuwa na watu kumi kama mimi kingekuwa mbali. Mkono wake ulikuwa na baridi ya ile chupa ya maji. Sijawahi kusifiwa nikajisikia vibaya kama siku ile.

Kasuku alikuwa kwenye benchi la ukumbini, amevaa lile gauni la buluu ulilomtumia. Aliponiona natoka na mkoba begani aliinuka. Nikamweleza kwa ufupi. Nilitegemea ashtuke, au anilaumu. Alisema, "Sawa, ma'mdogo. Umefanya la heshima," akanirekebishia kola, akaingia. Mimi nikaenda maabara kuosha makopo ya sampuli ambayo yalikuwa masafi.

Mengine unayajua. Mpole alimpita kwa pengo dogo, dogo kiasi kwamba mtu mmoja aliyempenda Kasuku angeweza kulifuta. Hapo ndipo hasira yako ilipo, na ningekuwa wewe ningefika hapo hapo. Mtu huyo alikuwepo, mkono wake ulikuwa na kalamu, akainuka akaondoka.

Siku majibu yalipotoka, Kasuku alikuja ofisini akatoa vitu vyake kabatini. Nilimsaidia kufunga boksi. Aliacha jozi moja ya viatu vya shambani, akasema vinambana, nitafute mwanafunzi wa kumpa. Nyumbani Mama alimuuliza kama dirisha la ofisi linatazama barabarani au uani. Kasuku akamwinamia sikioni, akamwambia hakupata. Mama aliitikia kwa kichwa, akaendelea kuitikia muda mrefu, na tangu hapo hajatoka kukaa barazani. Anawakwepa majirani.

Huyo Mpole ameshaanza kazi. Anakaa meza inayonitazama. Nilimwomba Mungu awe mvivu, au mwenye majivuno, au basi hata awe mchafu, nipate pa kumshikia. Hakunijalia. Anakuja mapema, analeta kikombe chake mwenyewe, anaosha na changu. Wanafunzi wanapanga foleni mlangoni kwake. Juzi alinishukuru kwa kumpokea vizuri, nikajifanya natafuta kalamu.

Dada, sasa nalijibu swali lako. Kaa chini ulisome polepole, maana sijamwambia mtu yeyote, hata baba watoto.

Kwenye mhadhara wa majaribio tuna desturi moja. Ili haki itendeke, wanafunzi wachache huchaguliwa kuuliza maswali, na kila mmoja anamuuliza kila mwombaji swali lile lile. Waombaji hawasikilizani. Mada siku hiyo ilikuwa mashamba yanayoharibika kwa kumwagiliwa. Binti mmoja wa mwaka wa pili alikuja na mfuko wa udongo wa shambani kwa wazazi wake. Juu ulikuwa na ukoko mweupe. Swali lake lilikuwa, hiki cheupe ni nini na wazazi wangu wafanyeje?

Kasuku alikuwa wa kwanza. Dada, aling'aa. Picha zake zilikuwa safi, sauti yake imetulia, kila alichosema kimo vitabuni, tena ukurasa wenyewe anaujua. Binti alipoinua ule mfuko, Kasuku aliutazama kutoka pale alipokuwa amesimama, akasema ni chumvi. Akaeleza namna ya kuiosha kwa maji mengi, akamaliza kwa mzaha kidogo. Ukumbi mzima ukampigia makofi. Mkuu wa kitivo alipiga makofi. Hata mimi mikono yangu ilipiga makofi.

Akaja Mpole. Anaongea chini chini, anasahau alipoweka chaki. Alipoulizwa, alishuka mpaka kwa yule binti, akauchukua mfuko, akaumimina kidogo kiganjani, akausugua. Akamuuliza maji wanayatoa wapi, ya mto au ya kisima, naye akajibu ya kisima. Kisha akasema hajui bado. Akatoa mfukoni kichupa cha asidi hafifu, akadondosha. Ule weupe ukachemka povu. Chumvi ya mezani haichemki hivyo, Dada. Ilikuwa chokaa, inayoletwa na maji yale yale ya kisima. Wazazi wa yule binti wangefuata ushauri wa Kasuku, wangemwaga maji ya kisima msimu mzima, na kila siku wangezidisha ubaya wenyewe.

Wenzangu kwenye jopo hawakuona kitu. Mchumi aliniegemea akaninong'oneza kwamba bwana huyu anababaika. Kwao Mpole alishinda kwa wingi wa machapisho yake tu, kile kichupa hakikuhesabika kabisa. Mle ndani ni mimi peke yangu niliyejua tumeona nini. Na kichupa kama kile nilimpa Kasuku mimi, nikamfundisha mwenyewe, nikamwambia mtu wa udongo hasemi kabla hajagusa.

Nilijaza karatasi yangu. Nilimpa Mpole alama nyingi kuliko Kasuku. Si kidogo. Nikaikunja, nikaenda kula na wenzangu.

Sasa umeelewa kwa nini ilikuwa mchana na si asubuhi. Asubuhi sikutoka kwa sababu nilikuwa na hakika atashinda kwa haki, na nilitaka niwepo nione. Mchana nilitoka kwa sababu ningebaki, jina langu lingekuwa miongoni mwa waliomkatalia. Kila mtu anaamini niliogopa kumpendelea. Ukweli ni kwamba nisingempendelea, na sikuwa na moyo wa kuonekana hivyo, na yeye, na wewe, na Mama. Udugu niliutumia kama mlango wa kutokea. Alama zangu zingebaki, lile pengo unalolililia lingekuwa pana, siyo jembamba.

Wahenga walisema mchelea mwana kulia hulia mwenyewe. Mimi nimemchelea, na sasa tunalia watatu.

Usinielewe vibaya. Kasuku si mjinga, na si mwalimu mbaya. Miaka minne ya kusahihisha mitihani kando ya tanuri, bila safari hata moja ya shambani kwa sababu wa muda hapewi gari wala posho, ingemfanya nani aguse udongo? Chuo kilimnyima shamba, kisha kikampa mwenye shamba kazi. Hilo linanitia hasira, na nimelisema kikaoni, likaandikwa, likalala. Lakini hasira yangu haibadilishi kilichokuwa ndani ya ule mfuko.

Kinachonimaliza ni hiki. Kasuku hana kinyongo nami hata chembe. Anawaambia watu kwamba mama yake mdogo angekaa ndani ya chumba kile kazi ingekuwa yake, lakini ni mtu wa msimamo, akachagua uadilifu. Analisema kwa fahari. Ndilo linalomnyanyua kitandani asubuhi. Kila akilisema, mimi natazama chini.

Na wiki iliyopita amekuja na habari. Chuo cha ualimu cha kule mbali kinatafuta mtu wa kudumu, naye ameomba. Wanataka wadhamini, na jina la kwanza ameandika langu. Akaniambia nieleze udugu wetu waziwazi, wakubwa wa huko wamekubali. Wameuliza hasa kuhusu kazi ya shambani na maabara. Alinikabidhi hiyo karatasi huku anatabasamu, kama mtu anayempa mwenzake nafasi ya kufuta deni.

Nimejaribu kuiandika mara nyingi. Nikisema ni hodari wa shambani, nitakuwa nimempeleka tena mbele ya mfuko mwingine, na huko hatakuwa na wa kumwambia. Nikisema ukweli kwa siri, nitakuwa nimemfanyia mara ya pili nilichokwisha kumfanyia mara moja, yaani kumhukumu na kuondoka kabla hajaniona. Maji yamenifika shingoni, Dada.

Kwa hiyo nimeamua. Jumatano sina kipindi. Nimeazima gari la idara kwa jina langu, nitamchukua Kasuku twende kwa wazazi wa yule binti. Nitamwambia huko huko, shambani, yote niliyokuandikia hapa, pamoja na zile alama. Kisha tutachimba pamoja siku nzima kama bado atataka kusimama karibu nami. Akikubali twende kila juma mpaka chuo kile kimwite, nitakuwa na cha kweli cha kuandika. Akikataa, itabidi atafute mdhamini mwingine, nami nitakuwa nimempoteza.

Naogopa. Nimewahi kusimama mbele ya mabaraza na mawaziri nisitetemeke, na huyu ni mtoto niliyemkata kucha.

Basi nimalizie. Mpe shemeji salamu zangu nyingi, na umwambie redio aliyoituma ndiyo hiyo Mama anayogombana nayo. Mapacha wabusu, wakikubali kushikika. Mama anakusalimu na anauliza kila siku kwa nini hupigi, namjibu una zamu nyingi, kwa hiyo mpigie, usinifanye mwongo kwa hilo nalo. Baba watoto anakusalimu. Bwana Tope nilikutana naye sokoni, amenenepa, anakusalimu pia.

Mungu akulinde kazini, auponye mgongo wako, na akupe usingizi usio na fikra zetu.

Barua hii ikikufikia, Jumatano itakuwa imeshapita na Kasuku atakuwa ameshajua. Sikuombi uniwie radhi, wala sikuombi unipigie. Ninachokuomba ni kimoja. Ukimaliza kusoma, mpigie yeye kwanza, hata kama ni katikati ya zamu. Atahitaji mama, na safari hii hawezi kuwa mimi. Akinisema vibaya, mwache aseme mpaka amalize, wala usinitetee.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye hata ukininunia,

Mama mdogo wa Kasuku.